Mpwa wangu, usikubali kuzimiwa taa hiyo

Kolwezi, tarehe 24 mwezi wa kumi

Mpwa wangu mpendwa Kasongo,

Sisi huku Manika hatujambo. Nkambo wako bado analalamika magoti, lakini Jumapili alitembea mwenyewe hadi kanisani na akakataa kushikwa mkono. Shangazi zako wamekwisha kulima shamba la mihogo, wanangoja mvua tu. Na mvua yenyewe imeanza kutisha: jioni mawingu yanajikusanya upande wa Nzilo, upepo unavuma, vumbi la malori linaingia hadi jikoni, halafu hakuna kitu. Sidhani kama itachelewa sana. Ndiyo maana nakuandikia sasa hivi wala singoji tuonane Noeli.

Mama yako amenipa habari za gari. Nimefurahi, na nkambo wako alipiga vigelegele. Land Cruiser 80 ya mwaka 1996, ya dizeli, iliyotoka Japani ikashushwa Dar es Salaam, ikavuka Zambia mpaka Kasumbalesa, na sasa imelala katika uwanja wako Lubumbashi. Umeipata kwa jasho lako. Kijana asiyeomba anapewa heshima na wakubwa, nami nakupa yako mapema.

Lakini dada yangu hawezi kunificha kitu. Alishusha sauti akaniambia kwamba taa ya manjano ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukishika breki, inawaka kwenye dashibodi, kwamba fundi mmoja wa huko amekuahidi kuizima kwa dola 20, na kwamba ukishaizimisha unataka kumchukua yeye mama yako hadi Dilolo kumtazama dada yake. Kwenye simu sauti inakatika kila mara, na maneno haya yanataka karatasi, uyasome taratibu ukiwa umesimama mbele ya gari. Mpe na mdogo wako Ngoie asome, maana najua siku moja atakuomba ufunguo.

Usikubali kuzimiwa taa hiyo, mwanangu.

Unajua kazi hii niliipata wapi. Niliingia garaji za Gécamines nikiwa mdogo kuliko wewe, na kampuni ilipoyumba miaka ya 1990 nikafungua garaji yangu hapa njia ya Musonoi. Magari niliyofundishiwa hayakuwa na kompyuta. Unakanyaga, mafuta yanasukuma, gurudumu linasimama. ABS ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1978, Bosch wakiitengeneza na Mercedes-Benz wakiifunga kwenye magari yao makubwa. Mwaka huohuo, mwezi wa tano, sisi hapa Kolwezi tulikuwa vitani, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusikiliza habari za breki. Kwa hiyo nimejifunza ukubwani, gari moja baada ya jingine, na nilichokiona ni hiki: mara chache taa ya ABS inalalamikia ABS yenyewe. Inalalamikia kitu kingine kilichoachwa bila kutunzwa, na ABS ndiyo ya kwanza kukigundua.

Inagunduaje? Kila gurudumu lina pete ya chuma yenye meno, inayozunguka pamoja nalo. Mbele ya meno hayo, kwa nafasi ya kama milimita moja hivi, kimekaa kihisi, ambacho mafundi wa hapa tunakiita kapteri: sumaku ndogo iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, shaba hiihii inayopita mbele ya mlango wangu usiku na mchana kwenda Kasumbalesa. Jino likipita, umeme kidogo unazaliwa kwenye waya. Kompyuta inasoma mapigo hayo na kujua kila gurudumu linakwenda mbio kiasi gani. Ukikanyaga breki kwa nguvu na gurudumu moja likataka kukwama huku mengine yanazunguka, inalegeza breki yake, inakaza, inalegeza, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Hapo ndipo unasikia pedali ikitetemeka chini ya mguu, na usukani unaendelea kukutii. Kapteri moja ikinyamaza, au ikisema uongo, kompyuta haina tena cha kulinganisha. Inajitoa kazini, inawasha taa ya manjano, na kukuachia breki za kawaida kama zile za enzi zangu.

Sasa nikueleze kwa nini naiogopa kazi ya yule fundi wa dola 20. Aliwahi kuja kwangu mfanyabiashara wa mahindi na gari kama lako, akisema linavuta upande mmoja akishika breki. Nilifungua ufunguo ili nione taa zote zikiwaka kama inavyotakiwa. Ya mafuta ya injini iliwaka, ya betri iliwaka, ya ABS hakuna. Nikafungua dashibodi. Balbu ilikuwa imetolewa, na tundu lake limezibwa kwa gundi ili mnunuzi asishtuke. Yeye hakujua kitu, alilinunua hivyohivyo. Tulipoinua gari, nilishika gurudumu la mbele juu na chini kwa mikono miwili nikalitikisa, likacheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Beringi zilikuwa zimelegea siku nyingi, na kwa sababu zimelegea, pete ya meno ilikuwa inasogea mbali na kapteri. Taa ingemwambia mapema sana. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua, na huyu maradhi alifichiwa na mwingine, kwa pesa yake mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya yote, angalia kama taa yako ni nzima. Fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya ABS lazima iwake sekunde kama tatu kisha izime. Hapo kompyuta inajipima. Taa isiyowaka kabisa naiogopa mimi, na wewe iogope, kuliko taa isiyozima.

Kisha uangalie inawaka lini. Hapa ndipo vijana wengi wanakosa subira, wanakimbilia kununua vyuma. Ikiwa inabaki inawaka tangu mwanzo, gari limesimama, tafuta ugonjwa kwenye umeme: waya uliokatika, fyuzi, relei, plagi iliyoingia maji. Ikiwa inazima vizuri, halafu inarudi gari likishatembea kidogo, basi waya zimeungana lakini habari inayotoka kwenye gurudumu ni mbovu: uchafu, nafasi iliyozidi, jino lililovunjika, beringi. Na ikiwa inawaka ukipiga shimo, ukizima injini na kuwasha tena inaondoka, shuku waya uliovunjika ndani ya ganda lake, unaogusana na kuachana. Mama yako anasema yako inakuja gari likishatembea. Mama si fundi, angalia mwenyewe.

Kuna jambo la Land Cruiser 80 ambalo wengi hawalijui. Ukifunga difu ya kati, au ukiingiza gia ndogo za mlima, ABS inajitoa yenyewe na taa inawaka. Huo si ugonjwa, ndivyo lilivyotengenezwa. Kuna kijana aliyeambiwa anunue pampu nzima ya ABS, na alikuwa amekwisha kuanza kukopa pesa kwa ndugu zake. Difu yake ya kati ilikuwa imegoma kufunguka, basi. Ingekuwa vibaya kama nini! Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba taa ya difu imezima.

Baada ya hapo, taa yenyewe itakwambia gurudumu gani linaumwa, na huhitaji mashine ya mtu. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko, na ndani ya kifuniko pameandikwa majina ya matundu. Tafuta Tc na E1. Ukikuta kipini kifupi kinachounganisha WA na WB, kichomoe kwanza ukiweke mfukoni kisipotee. Unganisha Tc na E1 kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa umefungwa, na usome majina hayo mara mbili kabla ya kugusa, kwa maana matundu mengine yana umeme wa betri na ukikosea utaunguza kitu cha bei. Halafu fungua ufunguo bila kuwasha injini, utazame taa ya ABS.

Ikipepesa sawasawa, mara mbili kwa sekunde, bila kupumzika, kompyuta haina neno. Ikiwa ina neno, itapepesa kwa makundi: inahesabu tarakimu ya kwanza, inanyamaza kidogo, inahesabu ya pili. Tatu, kimya, moja: hiyo ni 31, gurudumu la mbele kulia. 32 ni la mbele kushoto, 33 la nyuma kulia, 34 la nyuma kushoto. Kulia na kushoto ni kama umeketi ndani ukitazama mbele. Ukiona 41, haisemi gurudumu, inalalamikia umeme wa betri usio sawa, na hapo anza na vichwa vya betri na altaneta. Andika namba kwenye karatasi. Chukua na video kwa simu unitumie, nami nihesabu pamoja nawe.

Mimi nabashiri utaona 31 au 32. Nikuambie kwa nini. Kwenye gari hili pete ya meno ya mbele imekaa ndani ya lile bonge la chuma ambapo gurudumu linapinda, na bonge hilo limejaa grisi. Nyuma yake kuna sili inayozuia mafuta ya difu yasiingie. Gari la miaka mingi hivi, sili inachoka. Mafuta ya difu yanaingia, grisi inageuka uji mweusi, na vumbi la chuma kutoka kwenye beringi linaogelea humo. Kapteri ni sumaku, usisahau. Nikiichomoa, mara nyingi ncha yake imeota unga wa chuma wa kijivu, umesimama wima pande zote, na ukiupangusa kwa kitambaa unarudi kung'ang'ania kitambaa. Hapo kapteri haioni meno tena. Wakati mwingine kuifuta tu kunatosha kuzima taa, lakini ukiishia hapo umejidanganya, kwa sababu sili bado inavuja na beringi bado zinakula uchafu. Angalia upande wa ndani wa gurudumu: ukiona mafuta meusi yametiririka kwenye lile bonge la duara, kazi ni kufungua kila kitu, kuosha, kuweka sili mpya na grisi mpya. Ni kazi ya siku nzima, nzito na chafu. Dola 20 haziitoshi, na usimdai fundi yeyote aifanye kwa dola 20.

Kapteri yenyewe unaipima kwa multimeta. Ukichomoa plagi yake, ohmu za kulia na za kushoto zinapaswa kukaribiana. Moja ikisoma sifuri, au isiposoma chochote wakati mwenzake anasoma, umempata mgonjwa. Kisha weka mita kwenye volti za umeme wa kubadilika, inua gurudumu, mtu alizungushe kwa mkono. Namba ndogo inapanda kadiri anavyokaza kuzungusha. Isipopanda, rudi kwenye uchafu na meno. Pitisha pia vidole juu ya waya wake wote hadi unapoingia kwenye chasi. Hapo ndipo mawe yanapoupiga, na hapo ndipo mafundi wanapoubana wakifunga shokomzoba.

Ukishatengeneza, unganisha tena Tc na E1, fungua ufunguo, kanyaga breki harakaharaka mara 8 au zaidi ndani ya sekunde chache, na kompyuta itasahau. Toa waya, rudisha kipini. Ugonjwa ukiwa haujaisha, taa itarudi, nawe usiikasirikie.

Tazama na tairi. Zote nne ziwe za ukubwa mmoja na zimelika sawa. Wauzaji wanapenda kuvalisha gari tairi mbili nzuri mbele na mbili za kuokoteza nyuma. Gurudumu dogo linazunguka haraka kuliko kubwa, kompyuta inachanganyikiwa, na kwa gari ambalo magurudumu yote manne yanavuta wakati wote, difu ya kati nayo inaumia.

Sasa kuhusu safari. Taa ya manjano peke yake maana yake breki zako zinafanya kazi, ila msaidizi amelala. Unaweza kutembea, ukijua hivyo. Taa nyekundu ya breki ni habari nyingine. Kama hujavuta breki ya mkono na inawaka, simama. Mafuta ya breki yamepungua, ama kwa sababu pedi zimelika, ama kwa sababu kuna mahali yanavuja. Zikiwaka zote mbili, nyekundu na manjano, usijadiliane na mtu, gari halitoki. Nunua mafuta ya breki ya DOT 3 kwenye chupa iliyofungwa, kwa sababu yanakunywa unyevu wa hewa, na unyevu huo unaleta kutu ndani ya vali ndogo za ABS. Gari lililonunuliwa bila historia, badilisha mafuta yote.

Na hata ABS ikipona, isikupe kiburi. Kwenye lami yenye maji kati ya Likasi na Fungurume, malori ya tindikali yakiwa mbele na nyuma yako, itakusaidia: kanyaga kwa nguvu, usiondoe mguu pedali ikitetemeka, geuza usukani kule penye nafasi. Lakini ukishapita Kolwezi kuelekea Mutshatsha na Kasaji, lami inakwisha. Kwenye changarawe na mchanga gurudumu linalokwama linajikusanyia udongo mbele yake na udongo huo unasaidia kusimamisha gari. ABS hailiachi likwame, kwa hiyo gari linakwenda mbele zaidi kabla ya kusimama. Huko dawa ni mwendo mdogo na nafasi kubwa mbele yako. Tena usukani wako uko kulia na sisi tunapita kulia. Ukitaka kupita lori huoni kinachokuja mpaka umeshatoka. Mama yako aketi mbele kushoto, na asiposema “pita”, usipite.

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami sitaki guu lako wala la dada yangu. Najua umri wako unaona kwamba wakubwa tunaogopa kila kitu. Hatuogopi kila kitu. Tumeona barabara hii ikibadilika, tumeona malori yakiongezeka kila mwaka, na tumebeba watu kutoka kandokando yake.

Basi fanya hivi. Mwambie yule fundi kwa adabu kwamba mjomba wako amekataa. Lawama aniwekee mimi. Soma namba za taa, unitumie. Kama pedali ni ngumu, mafuta ya breki yamejaa, taa nyekundu imezima na magurudumu hayachezi ukiyatikisa, njoo Kolwezi na gari, mchana, polepole, peke yako. Njia ya Dilolo inapita hapa kwetu hata hivyo. Mama yako apande basi, nitampokea mwenyewe kituoni. Tutafungua gurudumu la mbele mimi na wewe, ushike bisibisi kwa mkono wako, na hatutaondoka hapo mpaka taa izime kwa haki. Dilolo mtakwenda wiki inayofuata. Dada wa Dilolo nimekwisha kumpigia simu, ameelewa.

Leta sili za mbele pande zote mbili kutoka Lubumbashi, huko ni rahisi kuzipata kuliko hapa, na uziombe zenye namba ya gari lako. Garaji inafunguliwa saa moja asubuhi.

Mjomba wako akupendaye,

Ngoy